Sabuni Iliyolowa

Watu wakiniuliza nilianzaje biashara, huwa wanatazamia niseme nilikuwa na maono. Ni kweli nilikuwa nayo. Niliona miche ya sabuni migumu, iliyonyooka, yenye rangi ya mawese, imepangwa kwenye maduka ya Mwandiga. Hakuna hata mche mmoja uliofika huko.

Kutengeneza sabuni si jambo la ajabu, na anayetaka kujaribu asiogope. Vaa glavu, kisha tia kostiki, yale magadi makali, kwenye maji. Usifanye kinyume, itakurukia. Ikipoa, imimine kwenye mawese ya vuguvugu na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa ulezi. Unaumwaga kwenye kasha la mbao, kesho yake unakata miche, halafu unaiacha ikauke kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu wiki zote hizo majirani wanapita.

Majirani zangu wa Bangwe hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na huruma, ambayo huchosha zaidi. Walisema maduka yamejaa sabuni za viwandani zenye harufu ya maua, na yangu inanuka mboga. Mama wa nyumba ya pili, mke wa mvuvi wa migebuka, alichukua mche, akaugonga kwenye mwimo wa mlango, akatega sikio.

“Mwanangu,” akasema, “hili ni tofali. Jenga.”

Kaka yangu hakutania. Yeye ni mtumishi wa serikali, anakaa Katubuka, na alikwisha kuniombea kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya rafiki yake. Kazi kama hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiacha: kukaa siku nzima nikiwaahidi wageni kwamba maji yatatoka baadaye. Tukakubaliana kwamba masika yakiisha kabla sabuni haijaanza kunilisha, nitavaa sare bila kubisha. Aliniambia kwa upole kwamba nafasi inanisubiri. Alikuwa na hakika kiasi kwamba aliuliza navaa saizi gani.

Nilikuwa nimepanga chumba karibu na ufuko wa ziwa, kwa bei ya chini ambayo mwenye nyumba hakueleza sababu yake. Masika yakaja, ziwa likapanda. Wanaoishi mbali hudhani ziwa hupanda kwa kishindo kama mto. Hapana. Husogea taratibu, kama mgeni anayevuta kigoda karibu na chungu. Siku moja nilifungua mlango nikakuta limeingia na kukaa. Rafu za chini zote zilikuwa majini. Miche niliyoikausha kwa wiki nyingi, na niliyokusudia kuipeleka Mwandiga, ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya chungwa, na povu limetanda mpaka kizingitini.

Habari zikafika haraka, na majirani wakaja kunipa pole, kila mmoja na beseni lake. Tulichota uji ule kwa pamoja. Walinifariji kama mfiwa. Kuna aliyeanza kunisimulia jinsi sabuni yangu ilivyokuwa nzuri, yeye ambaye hakuwahi kuinunua. Mke wa mvuvi akaniambia Mungu amenipumzisha. Mimi nilikuwa nikiwaza sare. Sikutaka kuumwaga uji ule ziwani tunakochota maji, kwa hiyo nikawaomba waondoke nao. Wakaubeba kwa adabu, kama watu wanaobeba chakula cha msibani ambacho hakikuiva.

Siku chache baadaye mke wa mvuvi alirudi na kopo tupu.

“Kuna ile iliyooza?”

“Haikuoza, mama. Ililowa.”

“Basi lowesha nyingine.”

Ikabidi anieleze. Alipaka uji ule kwenye koti la mumewe la kuvulia, akaliacha mpaka asubuhi. Harufu ya samaki na moshi wa injini, iliyokuwa imeishi nyumbani kwake miaka mingi kama mkwe, ilikuwa imehama. Nikamwonyesha miche mikavu ya rafu ya juu, nikamfafanulia kwa utulivu kwamba ni sabuni ileile, ila hii haijapata ajali. Aliitazama, kisha akanitazama mimi kwa ile huruma yake.

“Hayo si ni matofali?”

Nikachukua kisu, nikaikatakata miche yangu mizuri, nikaitia kwenye pipa la maji. Nilifanya hivyo kwa uchungu kidogo. Siku zilizofuata wakaja wake wa wavuvi wengine na makopo yao, halafu wenye vibanda vya chipsi wenye aproni zilizokata tamaa. Niliacha kukausha kabisa. Nikawa napika kwa maji mengi makusudi. Kule mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mke wa mvuvi alitangaza kwamba ndiye aliyenifundisha, na kwamba mimi nilitaka kuwauzia watu tofali. Sikumkanusha. Kila alipolisimulia jambo hilo, makopo yaliongezeka.

Masika yalipoisha, kaka yangu alikuja kama tulivyoagana, amebeba mfuko wenye sare iliyopigwa pasi. Alikuta wanawake wamejipanga kutoka mlangoni hadi njiani. Akadhani kuna msiba, akavua kofia. Akapenya mpaka mbele, akanyoosha shingo ndani kutafuta miche, asione hata mmoja.

“Mdogo wangu, sabuni iko wapi?”

Nilikuwa nimeshika upawa, kopo la mtu liko nusu. Mke wa mvuvi akageuka.

“Baba, mstari unaanzia kule.”

Kaka yangu, ambaye ofisini kwake watu husimama kumsubiri, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda kusimama nyuma. Zamu yake ilipofika hakuwa na kopo. Aliitoa sare mfukoni, akaibana kwapani, akaniambia nimpimie humohumo kwenye mfuko, wifi yangu amesikia habari.