Kibao cha Mama Furaha

Hii aibu sijawahi kuisimulia nikiwa nimetulia, na hata leo sijatulia, kwa hivyo nikipandisha sauti mnivumilie tu. Mimi Nakuru nilichora vibao vya maduka miaka kumi na moja (huku Birmingham nahudumia wazee kwa care home, lakini mkono bado upo), na nilikuwa nimejisifu kanisani mpaka Mama Furaha, yule mama wa Bukavu aliyenipa kitanda kwake nilipofika huku bila mtu, akaniomba nimwandikie kibao cha mkahawa wake mpya pale Acocks Green.

Ubao ulikuwa wa duka la zamani, umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa kama kioo. Ubao kama huo naujua hata nikiwa usingizini: unaupiga msasa mpaka mng'ao wote uishe, unaziba kingo maji yasiingie, unapaka praima ya kushikisha rangi, unangoja, unapaka andakoti, ile rangi ya chini, unangoja tena, ndipo uguse herufi. Sasa binamu yangu Deno akaja, akaniona na msasa, akacheka. "Bro, msasa ni ushamba. Rangi ya huku inashika hata kwa glasi!" Na mimi, mtu mzima, nikiwa na off ya siku moja tu, nikaweka msasa chini. Nikapangusa vumbi, nikapaka nyeupe, nikaandika kwa nyekundu: CHAKULA juu, MAMA FURAHA chini. Ulipendeza, siwadanganyi.

Jumamosi ya ufunguzi ubao uko juu ya mlango, umefunikwa kitambaa kilichobandikwa kwa selotepu pana (nani aliibandika juu ya rangi? Deno!). Pasta akaomba, akina mama wakapiga vigelegele, Mama Furaha akavuta kitambaa, na kitambaa kikaja na rangi yangu, vipande vizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Juu CHA ikaondoka, chini FURAHA ikaondoka. Halafu binti yake mdogo akasema kwa sauti: "Mum, it says eat mum!"

KULA MAMA. Mbele ya pasta.

Watu wakaangua kicheko, Deno yuko mbele anarekodi na simu, na damu ikanipanda. Nikamfokea pale pale barabarani, "Si wewe ulisema msasa ni ushamba! Mjinga wewe!" nikaipiga ile simu ikaanguka, mpaka wazungu waliokuwa wakingoja basi wakageuka. Mama Furaha hakucheka. Akaniuliza polepole, "Ni Deno ndiye alishika burashi?"

Nikapanda ngazi, nikaufungua ule ubao skurubu moja moja, huku wageni wanapita chini yangu kwenda kula.

Niliurudia kwa wiki mbili, hatua kwa hatua, na safari hii rangi imeshika. Mama Furaha alishanisamehe, mimi bado. Kinachonichoma si kicheko, wala si Deno, ni kwamba nilijua, nilijua kabisa, na bado nikamsikiliza. Sirudii. Anayenikimbiza siku hizi namwambia akanunue kibao cha plastiki.