Kijiko cha Mchanga Mlangoni kwa Shangazi

Mimi kuloga sijui, na siku niliyojaribu nilishikwa hata chai sijanywa.

Chanzo ni mbuzi ya kukunia nazi. Bibi yangu mzaa baba alipofariki aliacha kigoda chake kile chenye ulimi wa chuma, mti wake umelainika kwa kukaliwa. Mamangu, mkazamwana aliyemuuguza mpaka mwisho, aliona ni haki yake. Shangazi, binti wa kumzaa, naye aliona vivyo hivyo. Wakajibizana matangani mbele ya watu, na tangu hapo hawakusalimiana tena, ingawa wote wako Kisauni na wanasali kanisa moja. Mama akaisukuma mbuzi uvunguni, akawa anaazima ya jirani. Yaani aliipigania, kisha hakuikalia hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nisimtie kichwa kuuma.

Ningewaacha wanuniane mpaka kiama, lakini nilikuwa nimeposwa. Baba hayupo tena, na kwetu baba akiondoka, shangazi ndiye hukaa mahali pake. Asipokuwepo, mahari hayapokelewi. Wazee wetu wa Kaloleni walisema wazi: Jumamosi shangazi asipoonekana, wageni watakunywa soda zao warudi kwao. Shangazi akasema haingii nyumba ile mpaka aitwe na mwenye nyumba. Mama akasema yeye haiti mtu. Na mimi gauni limeshashonwa. Niliwapenda wote wawili, na wiki ile sikutaka kuwaona wote wawili.

Kwa mganga sikutaka kwenda. Mimi ni mtu wa kwaya. Ndipo kwenye simu nikamkuta mama mmoja wa ng'ambo, kucha ndefu nyeusi, anafundisha watu kujitungia uchawi wao wenyewe. Alisema usiige vitu vya watu. Chagua kinachokugusa moyo, mradi kila kimoja kiwe na maana yake. Nikaona huyu ana akili kuliko wazee wangu.

Basi nikatunga. Nazi nzima, kwa sababu vifuu viwili hutoka tunda moja. Asali ya kulainisha ndimi zao, maana zilihitaji. Hiliki, ili nyumba inukie sherehe. Chumvi, kwa kuwa wote wawili hupika kwa mkono mzito na nilitumai watatambuana. Ukwaju niliutia kwa ajili ya bibi, aliyekuwa akiupenda. Vyote nikavifunga kwenye kipande cha leso yake ya zamani, nikaviweka kwenye sufuria na kuificha nyuma ya ndoo. Kilichobaki ni mchanga wa nyayo zao, niuchanganye, ili miguu yao ielekeane.

Hapo ndipo akili iliponitoka. Mtoto yeyote wa Pwani anajua mchanga wa unyayo hauchotwi kwa heri. Huchotwa na mtu anayetaka kukuangamiza. Hata mimi nilijua. Ila nilijiambia kwamba uchawi ni wangu, na sheria ni zangu. Wahenga walisema ndugu wakigombana twaa jembe ukalime. Mimi nilitwaa kijiko cha chai.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi, nikijua yuko sokoni Kongowea kwenye biashara yake ya nazi. Kumbe lori la nazi halikufika siku hiyo na alikuwa amerudi. Nimechuchumaa pale mlangoni, nimeshajaza kimfuko, mlango ukafunguka.

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba haikuja. Alitazama kijiko, akatazama alama ya ndara yake mchangani, nusu yake imechotwa.

"Umetumwa na mamako."

"Sikutumwa."

"Basi twende ukayasemee mbele yake."

Akanipokonya kimfuko, akanipakia kwenye tuktuk, na njia nzima akakishika mapajani kwa mikono miwili. Nilijua nimeiua harusi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na machozi yakaanza kunitoka.

Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Shangazi hakupiga hodi.

"Mwanao anachota nyayo zangu. Mnataka kunifanya nini?"

Mama akaweka ungo chini. "Huyu? Kuku tu hawezi kumchinja, ataweza kumloga mtu?" Kisha akanigeukia. "Lete hivyo vitu vyako."

Nikaleta sufuria. Nikafungua leso na kueleza kimoja kimoja, nikivuta kamasi: nazi, asali, hiliki, chumvi. Walisikiliza wameinama. Nilipofika kwenye ukwaju, shangazi akanikatiza.

"Ukwaju wa nini? Unapatanisha watu kwa kitu kikali?"

"Hata mimi nashangaa," mama akasema. "Angetia asali akaachia hapo."

"Na nyayo huchotwa jioni, mtu akishaingia ndani. Si asubuhi, kweupe!"

"Tena kwa mkono wa kushoto. Nani alikwambia kijiko?"

Wote wawili ni wa umoja wa akina mama kanisani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hayo kayajulia wapi. Walitazamana, kicheko kikawashika, mama akaegemea ukuta na shangazi akakaa sakafuni bila kuambiwa.

Alipotulia aliiokota nazi, akaitikisa sikioni kama afanyavyo sokoni. "Nazi nzuri hii. Mtaitupa?"

Mama akainuka. Aliingia chumbani, tukasikia kitu kinaburutwa. Akarudi na mbuzi, akaifuta vumbi kwa pindo la leso aliyovaa, akaiweka mbele ya wifi yake.

"Kaa," akamwambia. "Mimi nilishindwa. Kila nikitaka kuikalia namwona mamako."

Shangazi akakaa. Akakuna ile nazi, machozi yakimdondokea mapajani, na mama akachuchumaa kando akishika sinia. Mchana tulikula mbaazi za nazi zenye chumvi nyingi mno. Hiliki na asali ziliingia kwenye chai. Ukwaju haukuguswa.

Wakati wa kuondoka mama akamnyooshea mbuzi. "Ichukue, ni ya mamako."

"Nikiichukua, hapa nitakuja kukalia nini?" shangazi akasema. "Iache. Jumamosi nitakuja alfajiri, nazi za wageni nitazikuna mimi."

Kisha akakumbuka kile kimfuko. Akakifungua, akaumwaga ule mchanga mlangoni petu, akaukanyaga kwa ndara mpaka unyayo wake ukachoreka mzima, ndipo akashika njia ya kwake.