Dada Alivyofaulu Kutembea

Ugonjwa wa dada yangu mdogo una jina la herufi na tarakimu, kama namba ya pikipiki. Damu yake ilipelekwa ng'ambo, ikarudi na hilo jina na maelezo kwamba ni tatizo la kuzaliwa nalo, la nadra sana. Mama akauliza nadra ndiyo nini. Nikamwambia dada ni toleo maalumu. Nikala kofi.

Popote anapokwenda, Mama humbeba mgongoni, na mgongo wenyewe umeshakwisha. Kwa hiyo tuliposikia kuna kituo mtaa wa Gikondo kinapima watoto na kugawa viti vya magurudumu, nyumba nzima ikashikwa na homa ya mtihani. Mama amekulia Bujumbura, akahamia hapa Kigali, na kote huko hajaona aliyefeli akipewa kitu kizuri. Akaniamuru nimfundishe dada kutembea.

Mbinu ninayo. Dada hainuki kwa pipi wala kwa maombi ya kina mama wa kanisani. Huinuka kwa hasira. Nikiiga mwendo wake, magoti yakigongana, mikono ikipapatika kama kuku anayechinjwa, anasimama mwenyewe na kuvuka sebule kuja kunizaba kibao. Akishazaba, anaanguka kama gunia la viazi, na siku hiyo hainuki tena. Tulifanya mazoezi mpaka shavu langu likaota sugu.

Siku ya kupimwa, daktari wa viungo alibandika utepe sakafuni, akamketisha dada kwenye mkeka, akamwomba ainuke bila kushika kitu. Dada akachezea soksi. Daktari akaomba tena. Mama akanikanyaga mguu. Nikajisogeza nyuma ya daktari, nikaanza kupapatika.

Dada akainuka. Akaufuata utepe wote, akampita daktari, akanizaba. Mama akapiga vigelegele. Daktari naye akapiga makofi, kwa dhati kabisa.

"Hongera, mama. Viti ni vya wasioweza. Huyu wako anaweza."

Mama akajaribu kueleza kwamba ile ni hasira tu, kwamba mtoto hafiki hata barabarani. Daktari akamjibu kwa upole kwamba wazazi wengi hawaamini uwezo wa watoto wao. Kiti kikaenda kwa mtoto aliyepimwa huku amelala usingizi, anakoroma.

Mama akamfunga dada mgongoni, tukashika njia ya nyumbani.

"Mwakani wanapima tena," akasema. "Mfundishe kuanguka."

Nikaanza jioni ileile. Nilijitupa sakafuni, nikamwonyesha raha ya kulala chali. Dada alinitazama kama mtu anayetazama mjinga. Kisha, bila hasira yoyote, akainuka, akasimama katikati ya sebule akiyumba, akimgeuzia uso kila mmoja wetu, akingoja makofi.

Mama akaniangalia. Hakuna aliyepiga.