Mshindi Niliyembeba Mfukoni Hadi Mwamgongo

Mbuuu! Mbu-mbu-mbu-mbeeeee!

Nikifumba macho naisikia mpaka leo. Nilikuwa barazani kwetu Ujiji, brashi mkononi, naandika HAPA MAJI BARIDI kwenye mlango wa friji ya jirani. Simu ikaita, nikapokea, nikadhani bodaboda imeingia ndani ya simu. Kumbe ni Mzee Bitaliho wa Mwamgongo, mtu mzima mwenye wajukuu, ananiigizia pikipiki kwa mdomo.

"Sauda mwanangu, umesikia? Hiyo ni Marekani inapanda kilima!"

Nyuma yake sauti nyingine nzito ikadakia. "Oya! Mwache asikie na Ubelgiji!" Halafu ikaja vrrraaa-ta-ta-ta, ikaishia kwenye kikohozi.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema. Ningesema nini kingine?

Sauti ya pili ilikuwa ya Mzee Niyo, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na hajaondoka tena. Wazee hawa wanavua dagaa pamoja miaka ishirini sasa. Siku moja walinunua jezi mbili za mitumba pale sokoni Katonga, kutoka kwenye robota moja. Ya Bitaliho ina bendera ya Marekani kifuani, ya Niyo ina ya Ubelgiji, na zote mgongoni zimechorwa pikipiki inaruka. Wakauliza ni jezi za mchezo gani. Wakaambiwa ni motokrosi, mbio za pikipiki kwenye matope na vilima vya udongo, na kwamba kuna mashindano ambapo kila nchi inaleta waendeshaji watatu na matokeo yao yanajumlishwa. Tangu siku hiyo hakuna amani Mwamgongo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuendesha pikipiki, maana kule kwenyewe unafika kwa boti.

Sasa walikuwa wameunda boti mpya. Mbao ni za Bitaliho, injini ni ya Niyo. Kilichobaki ni jina ubavuni, na hapo ndipo walipokwama. Mmoja anataka iitwe Marekani, mwingine anataka Ubelgiji. Mchoraji wa kwanza waliyemwita alikaa siku mbili akisikiliza, akafunga makopo yake akarudi mjini. Mzee Niyo akaapa kwamba jina lisipokuwa lake anafungua injini yake, na mbao zibaki zikielea zenyewe. Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mashindano ya mwisho ya mataifa ndiyo yaamue.

"Pitia kwa fundi simu mjini akuwekee mbio hizo kwenye flashi," Mzee Bitaliho akaniambia. "Na usiangalie! Uje na rangi zote. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka tunarudi ziwani, na boti isiyo na jina Bibi Kezia haruhusu iguse maji."

Bibi Kezia ni mke wake. Akishasema jambo, hata upepo unasikiliza.

Kibirizi, bandarini, saa tano asubuhi. Nilifika na makopo sita ya rangi kwenye ndoo, na flashi kwenye mfuko wa sketi. Nimevuka barabara za Kigoma mara nyingi bila kujiona mtu wa maana, lakini siku hiyo nilitembea kama nimebeba matokeo ya mtihani wa wilaya nzima. Nahodha wa boti ya abiria aliponiuliza ninapeleka nini Mwamgongo nikamwambia, "Mshindi."

"Wa nini?"

"Sijui. Nimekatazwa kuangalia."

Akanitazama, akatazama ndoo, akaniambia nikae katikati, mbali na injini.

Njiani, Mtanga hadi Gombe. Ziwa lilikuwa limetulia, maji yana rangi ambayo sijawahi kuipata nikichanganya kopo lolote. Milima inashuka mpaka majini, na chini yake nyani wamekaa ufukweni wanachambuana kama wanawake msibani. Mimi, nyie mnaonijua, nikianza kuota siamki. Nikajiona nimevaa kofia ngumu na buti ndefu, naruka kilima cha udongo, kifuani nina kijani, njano, nyeusi na buluu. Nikajiongezea wenzangu wawili. Nilikuwa karibu kumaliza mzunguko wa mwisho mama mmoja aliponigusa bega.

"Binti, kuku wangu anakula kamba ya ndoo yako."

Mwamgongo, saa kumi jioni. Siku za mbalamwezi kijiji kinajaa wanaume. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina kazi, kwa hiyo wavuvi wote wako nchi kavu, wanashona nyavu na kubishana. Boti mpya ilikuwa imeegemezwa mchangani, nyeupe kabisa, haina hata herufi. Wazee wangu wamesimama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mtu ndani ya jezi yake.

"Mwakeye, mwanangu!" akanisalimia Bitaliho kwa Kiha. "Umeangalia?"

"Sijaangalia."

"Ape!" akasema Niyo.

Nikaapa.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipokosea. Kabla sijanawa miguu, Mzee Bitaliho aliniita pembeni, akanipa samaki, migebuka mitatu imefungwa kwenye jani la mgomba.

"Mwanangu, moyo wako uko wapi?"

"Marekani, mzee," nikajibu. Angefurahi, mimi ningepungukiwa nini?

Nusu saa haijapita, Mzee Niyo akanijia nyuma ya jiko na chupa ya asali.

"Binti, niambie kweli. Wewe ni wa nani?"

"Ubelgiji, mzee."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa. "Nilijua. Mimi huku siku zote ninashangilia peke yangu."

Nikabaki na chupa ya asali na aibu. Lile neno lilinichoma. Kumbe jambo la jezi kwangu ni la kuchekesha, kwake ni la kuwa na mtu upande wake.

Siku ya pili, baada ya kanisa. Tulijaa kwenye banda la video, sola juu, viatu nje. Bibi Kezia akakaa karibu na mlango na ungo wake wa dagaa, anachambua huku anaangalia. Nikatoa flashi mfukoni. Watu wakapiga makofi kama nimetoa mtoto.

Jamani, motokrosi! Pikipiki arobaini zinatoka mahali pamoja kama nyuki waliotupiwa jiwe. Matope yanaruka, mtu anaanguka, anaamka, anaokota pikipiki yake na kuondoka bila hata kujipangusa. Mtangazaji anaongea lugha yake, sisi yetu.

"Angalia Mmarekani anavyoruka! Huyo ametoka Gombe!" Bitaliho akapiga kelele.

"Ameruka vizuri ila ametua kwa tumbo," akajibu Niyo. "Mbelgiji haruki ovyo, anatembea na ardhi."

"Wewe Mbelgiji wako alimtawala babu yako, na bado unamshangilia!"

"Na Mmarekani wako anajua uko wapi? Mpigie simu basi, mwambie Bitaliho anakusalimia."

Banda likacheka mpaka bati likalia. Bitaliho akahamia kwa waendeshaji wa tatu. "Hata hivyo wa tatu wako ni konokono. Amepitwa na kila mtu."

"Wako amekaa kwenye matope kama kiboko!"

"Wa tatu ni wa kujaza nafasi tu," akasema Bitaliho, na kwa hilo Niyo akakubali. Bibi Kezia akainua macho kutoka kwenye ungo, akayarudisha.

Mwisho zikatokea bendera zimepangwa, kila moja na namba pembeni. Bitaliho akasogea mpaka pua inagusa kioo. Namba ya Marekani ilikuwa kubwa kuliko ya Ubelgiji, tena kwa mbali.

"Tumeshinda! Mwanangu, chukua brashi!"

Akatoka anakimbia, nusu ya kijiji nyuma yake, mbuuu, mbeeee, mpaka ufukweni. Mzee Niyo alichukua spana, akaenda kwenye injini yake nyuma ya boti.

Mimi nikabaki na bendera. Mwaka jana nilichora bendera za dunia nzima kwenye ukuta wa shule moja kwetu Ujiji, kwa hiyo nazijua kama majirani. Na pale kwenye kioo watu watatu walikuwa wamepanda jukwaani wanamwagiana vinywaji, na nyuma yao bendera iliyokuwa juu kabisa ni nyekundu, nyeupe na buluu, mistari ya kulala. Uholanzi. Nikatafuta namba ya Uholanzi. Ilikuwa ndogo kuliko zote.

Nikarudisha nyuma, nikaangalia mwisho wa kila mbio. Aliyefika wa kwanza kaandikiwa moja. Wa pili, mbili. Aliyekaa kwenye matope kama kiboko kaandikiwa namba ndefu. Mbio hizi huhesabiwa kwa nafasi, mwenye kidogo ndiye mwenye mali! Na sisi, watu wa kuhesabu ndoo za dagaa, tungejuaje kwamba kuna mahali duniani ambapo kingi ni hasara?

Ufukweni. Bitaliho ameshafungua kopo la nyekundu. Niyo ameshalegeza bolti mbili. Ningenyamaza, ningepaka, ningepanda boti ya asubuhi. Lakini nilikumbuka ile mikono miwili iliyoshika wangu.

"Wazee," nikasema, "Marekani haijashinda."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Mara ya tatu nilichora mchangani kwa kijiti. Mzee Niyo akaangusha spana.

"Kwa hiyo Ubelgiji imemfunga Marekani!"

"Hujashinda na wewe!" akasema Bitaliho. "Tulisema mshindi. Huyu binti yuko upande wangu, atakwambia."

"Upande wako? Huyu ni Ubelgiji! Amekula asali yangu!"

"Amekula migebuka yangu!"

Wakageuka wote wawili kunitazama. Nilitamani mchanga ufunguke. "Nisameheni," nikasema. "Nilitaka mfurahi wote."

Ndipo Bibi Kezia akaja taratibu, ungo kiunoni.

"Mshindi ni nani, mwanangu?"

"Uholanzi, bibi."

"Basi iandikwe Uholanzi. Si ndivyo mlivyoapa?"

Mngewaona! Wazee wangu walisogeleana kama wamemwagiwa maji. "Uholanzi!" akasema Bitaliho. "Nani Mwamgongo ana jezi ya Uholanzi?" "Hakuna!" akasema Niyo. "Siwezi kuvua ndani ya Uholanzi, shemeji. Afadhali hata Marekani." "Afadhali hata Ubelgiji!" akasema mwenzake, na papo hapo wakagundua walichosema.

Bibi Kezia akaweka ungo chini. "Sasa niambieni. Marekani yenu imeangushwa na nani?"

"Na yule wa tatu," nikajibu. "Namba yake ndiyo imewajaza."

"Yule wa kujaza nafasi." Akamtazama mumewe. "Boti hii ina mbao, ina injini. Dagaa wakishashuka nani anawaanika? Nani anawageuza juani mpaka mgongo unalia, anawakimbiza mvua ikitishia? Miaka ishirini mnahesabu wawili."

Mzee Niyo ndiye aliyeanza, akavua kofia. "Shemeji, kweli tumekosa." Bitaliho akakwaruza mchanga kwa kidole cha mguu kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha akanigeukia.

"Andika WATATU."

Niyo akarudi kukaza bolti zake mbili, na Bitaliho akamshikia injini isitikisike. Lakini mimi hawakuniachia hivi hivi. Kwa kula migebuka na asali kwa mkupuo, walinitoza faini ya kuigiza pikipiki mbele ya kijiji kizima, kilima cha kupanda na cha kushuka. Nilitoa yote niliyo nayo, mbuuu mpaka mbeeee, na nilipomaliza Mzee Niyo akasema hiyo sasa ni Tanzania, ila inahitaji kubadilishiwa oili.

Nilipaka mpaka jua likazama. WATATU, herufi nyeusi zenye kivuli cha njano, pande zote mbili. Bibi Kezia alipita mara nne kusoma neno hilo hilo.

Kurudi, alfajiri. Boti ya abiria ilinichukua na ndoo yangu nyepesi. Asali ilikuwa nusu, maana nusu nilimwachia Bibi Kezia. Njia nzima niliwaza mambo mawili niliyojifunza, nayo nawaambieni nyie mliobaki barazani. Ukimwambia kila mtu uko upande wake, hakuna uliyemsaidia. Na timu, iwe ya pikipiki au ya dagaa, itazame kuanzia kwa yule ambaye hakuna anayemhesabu. Zile ndoto zangu za kofia ngumu bado ninazo, ila sasa nikijiona naruka kilima huwa ninageuka kwanza kuangalia wa tatu wangu yuko wapi.

Kuna kitu kimoja tu sikuwaambia wazee. Alfajiri hiyo, kabla hawajaamka, nilishuka ufukweni peke yangu na makopo matatu niliyokuwa nimeyaleta kwa ajili ya Marekani. Nikaingia ndani ya WATATU, nikalala chali chini ya ubao anaokalia Mzee Bitaliho, nikachora kibendera cha mshindi, kidogo kama kiberiti. Nyekundu, nyeupe, buluu, mistari ya kulala. Nikakipuliza kidogo, kana kwamba rangi ya mafuta hukaushwa kwa pumzi, nikafunika makopo.