Mpaka Upite Korongoni

Jimbo letu lilikuwa kubwa kiasi kwamba mbunge alipita kijijini mara moja kwa miaka mitano, na hata siku hiyo hakuzima injini. Kwa hiyo binamu yangu, mwenyekiti wa kijiji, aliponipigia simu Doha, Qatar, nilikokuwa mlinzi, kusema yanakusanywa maoni ya kuligawa, nilifurahi kama mtu aliyepunguziwa bei kabla hajaomba.

Tulikuwa saba kutoka jimbo hilo, tukikutana kila Ijumaa kwenye kambi yetu Umm Salal. Nyumbani, neno la aliye nje lina uzito usio na sababu. Ukishavaa sare ya ulinzi kwenye maghorofa ya West Bay, wanadhani unaona mbali kwa kuwa jengo unalolinda ni refu. Mimi nililinda lango la chini.

Nilichora jimbo kwenye kipande cha boksi. Wenzangu walitaka mpaka ufuate barabara kuu. Nikakataa. Ukipita barabarani, jimbo la upande wa pili lingepata vijiji ishirini, letu kumi na sita. Ukipita korongoni, kumi na nane kwa kumi na nane. Nilihesabu mara mbili.

"Buda, hiyo ni jimbo ama unagawa shamba ya guka yako?" akauliza Mkenya tuliyekaa naye chumba kimoja.

"Mwache babu yangu. Wewe hupigi kura kwetu."

"Kwani wewe unapiga?"

Nikampigia binamu, nikamwambia mpaka upite korongoni.

Binamu alilipeleka korongo kikaoni kama wazo lake, likapita, na baadaye mpaka ukachorwa hapo hapo. Labda ungechorwa hata bila sisi. Lakini wiki nzima nilitembea kambini kama mtu aliyeshinda kesi ya ardhi.

Baada ya uchaguzi, mbunge mpya wa upande wa pili akanunua gari la wagonjwa, likawekwa kituo cha afya. Kituo kilikuwa ng'ambo ya korongo. Nilihesabu vijiji vyote. Kituo kilikuwa kimoja tu, na kitu kimoja sikuwa na mazoea ya kukihesabu.

Masika yaliyofuata mama aliteleza kisimani, akavunjika nyonga. Binamu akapiga simu kituoni. Dereva akamjibu kwa adabu kabisa kwamba gari ni la wananchi wa jimbo lao, alete kibali. Wakampakia mama kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Korongo lilikuwa limejaa. Walikaa ukingoni hadi kesho yake jioni, mama chini ya turubai, kituo wakikiona kwa macho.

Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo hakuuacha mkongojo.

Nilimpigia alipoweza kukaa.

"Mwanangu, wewe uko na watu wakubwa huko, unajua mambo. Nani aliyepitisha mpaka pale?"

"Serikali, mama."

Nilimsikia akiwafukuza kuku wake.

"Basi huyo aliyeuchora hana mama."

Nikamwambia salio linaisha. Nilikuwa nimeongeza asubuhi ile ile.