Magunia Matatu ya Herufi R

Katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili walimwita Mzee Kadi, na hakuudhika. Miaka kumi na mmoja alikuwa akishughulikia herufi R, na minne kati ya hiyo ilimezwa na neno moja tu la Kiingereza, "run". Usicheke. Wenyewe wamelitwisha neno hilo mzigo wa punda kumi: mtu hukimbia, bomba hutiririka, mashine hufanya kazi, rangi huchuja, pua hutoka kamasi, mwanasiasa huwania kiti, na kote huko ni lilelile. Kila maana aliiandikia kadi yake kwa Kiswahili, na sentensi ya mfano chini.

Neno lenyewe aliliandika kwenye lebo ya droo ya kabati, si kwenye kadi. Wenzake walimwonya. Akawajibu, "Kwani nyumbani kwenu mnaandika jina la baba kwenye kila kijiko?" Wakacheka, wakamwacha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Macho yalipomsumbua alipumzika wiki moja. Aliporudi, kabati la chuma halikuwepo. Idara nyingine ilikuwa na shida nalo, ikalichukua. Pembeni yalisimama magunia matatu ya kadi, zote zimechanganywa.

"Shikamoo mzee," alisema mhudumu, akitabasamu. "Usihofu, hatukutupa hata moja. Zote zimo."

Mzee alishindwa hata kumkasirikia. Kijana wa watu alikuwa amefunga magunia vizuri, kwa kamba. Nakala nyingine haikuwepo, na mkurugenzi alishasema: R isipofika kwa wachapaji mwisho wa mwezi, kamusi inafutwa.

Akayapeleka nyumbani. Bintiye alikaa sakafuni akimsomea, kwa kuwa macho yalikuwa na ukungu. Kadi ya kamasi waliitambua mara moja; nyingi nyingine ziliwashinda. Kisha binti akasoma: "'Kuenea mpaka mahali fulani. Barabara hii inakwenda hadi mtoni.' Hii ya neno gani, Baba?"

Mzee alitaka kusema ni "run". Barabara hukimbia hadi mtoni kwa Kiingereza, lakini pia huufikia mto, "reach", na neno hilo nalo ni la R.

"Mwandiko wangu huo?"

"Wako."

"Soma tena."

Akasoma mara tatu. Mzee aliogopa, na bintiye aliona.

"Sijui, mwanangu. Weka kando."

Akaiweka juu ya nyingine za kando, ambazo zilishamfika magotini, akatia mkono tena kwenye gunia la kwanza.