Msiba Usio na Maiti

Lesieli alikuwa msusi wa mikeka pale Kolonga, kijiji cha kisiwani, mjane wa miaka hamsini na ushee, asiyejua kupaza sauti. Nyumba yake na ya mdogo wake Kepueli zilitenganishwa na jiko la mabati tu, lakini tangu wabalehe hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Ndivyo walivyolelewa: dada akiingia, kaka hutoka, na neno lolote la aibu halitamkwi mahali ambapo wote wawili wanasikia.

Kwa hiyo habari za aisi alizipata kwa wifi yake Temaleti, mke wa mdogo wake. Kepueli alikuwa akiivuta dawa hiyo ya kulevya, iliyo kama chembe za chumvi, tangu mavuno ya maboga. Usingizi ulimhama. Wiki ile alifukua viazi vikuu vichanga, msimu bado kabisa, akitafuta waya aliosema umezikwa na watu wanaomsikiliza. Panga alilala nalo.

"Mchungaji asijue, wifi," Temaleti alisema. "Polisi ndiyo kabisa. Kijiji kikimnyoshea kidole atajimaliza. Namjua."

Lesieli alikwenda kukipigia simu kituo cha kusaidia watumiaji katikati ya shamba la muhogo, mgongo ameupa barabara. Mwanamke aliyepokea, Akosita, alimweleza kwa upole kwamba wengi wanaoanza kupiga ni jamaa, si watumiaji wenyewe, na kwamba anaweza kwenda kuonana naye mjini hata kama mdogo wake hajui.

Shida ikawa kutoka. Msusi hawezi kwenda mjini Nuku'alofa katikati ya juma bila mikeka ya kuuza, asiulizwe. Mtu wa msiba, hata hivyo, hupishwa njia. Lesieli akavaa nguo nyeusi, akajifunga kiunoni, kama wafanyavyo wafiwa wa kwao, mkeka wa msiba uliokuwa karibu zaidi: mkubwa, uliochanika, unaofika kifuani. Siale, mume wa jirani yake Pisila, alimpa lifti kwenye pikapu. Aliutazama mkeka, akavua kofia, wala hakuuliza kitu. Lesieli alishusha pumzi.

Akosita alimkaribisha chumba cha nyuma, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mtu aliyekesha siku nyingi habishwi juu ya hizo nyaya. Panga liondolewe machoni bila vurugu. Temaleti awe na pa kukimbilia, na wakiona hatari wasione haya kuita msaada. Akitulia, mtu amwambie kwamba kuna mahali pa kwenda.

"Mimi siwezi kumtamkia neno hilo," Lesieli alisema. "Ni kaka yangu."

"Najua. Mimi pia nina kaka. Lakini wewe unalala?"

Lesieli hakukumbuka mara ya mwisho.

"Basi hata wewe ni mtu wangu," Akosita akasema. "Rudi Alhamisi."

Aliporejea Kolonga alisikia nyimbo za maombolezo tangu kona ya kanisa. Amejiua, alijisemea, nami sikuwepo. Akaanza kukimbia, mkeka ukimkwaza magotini.

Uwanja ulijaa watu. Masufuria yalikuwa motoni. Kepueli alikuwa hai, amevaa nyeusi, macho mekundu, panga mkononi. Mbele yake alikuwa amefungwa nguruwe jike aliye mkubwa kuliko wote zizini, wa kuchinjwa msibani.

Hapo ndipo Lesieli alipoelewa alichokifanya. Mkeka mkubwa uliochakaa haufungwi kwa kila maiti. Huvaliwa wakifa wakubwa wa upande wa baba, na upande huo alibaki mmoja tu, shangazi yao Heleine, aliyekuwa mgonjwa kule Auckland. Siale alikuwa ameusoma mkeka kama tangazo, akalipeleka kijijini.

"Pole, shoga," Pisila alimwendea na kumkumbatia. "Ametutoka saa ngapi?"

Kepueli alikuwa amekwishainua panga. Temaleti alirudi nyuma.

"Hakuna aliyekufa," Lesieli alisema.

Nyimbo zikakatika. Pisila akamtazama juu mpaka chini. "Sasa huo mkeka ni wa nini? Wa kwendea sokoni?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Lesieli aliona kwamba akisema uongo, utaulizwa mpaka upasuke, na akisema kweli yote, mdogo wake ataumbuka uwanjani. Kepueli alisimama hatua chache tu, anasikia kila neno.

"Nilikwenda mjini kwa wale wanaosaidia watu wa pombe na aisi," alisema. "Mimi. Silali. Niliona haya, nikajificha kwenye mkeka."

"Wewe?" Pisila akasema. "Wewe unayelewa kwa dawa ya kikohozi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Wazee walizitazama nyasi tu. Walikuwa wameelewa, na kwa sababu dada na kaka walikuwepo wote wawili, hapakuwa na mtu ambaye angethubutu kuendelea. Kepueli alikata kamba ya nguruwe, akaliacha panga palepale, akaingia ndani. Temaleti alilifunika kwa fuko la mkaa. Pisila aliinua sufuria yake bila kuaga.

Lesieli alijificha jikoni, akisikiliza. Nimemuua kwa mdomo wangu, alifikiri, ijapokuwa jina lake sikulitaja.

Giza lilipoingia, Kepueli akasema na mkewe nyuma ya ukuta wa mabati, kwa sauti iliyopanda kuliko ilivyohitajika. Temaleti akachungulia mlangoni.

"Anauliza, dada atarudi huko lini?"

"Mwambie Alhamisi."

Nyayo zilikwenda, zikarudi, zikaenda tena.

"Anauliza gari ni lipi."

"Pikapu ya Siale. Lakini mbele kuna kiti kimoja tu, na hatuwezi kubanana sisi wawili. Anajua."

Temaleti aliondoka, akakawia. Lesieli alikuwa ameushika mwiko mkavu, hana anachokoroga.

"Anasema," Temaleti alirudi kunong'ona, "yeye atapanda nyuma."